Kliniki ya saratani, Moshi: daktari aliyetuchorea mfereji

Nilimtoa mama Marangu saa kumi na mbili asubuhi. Ana saratani ya utumbo mpana. Foleni ilikuwa ndefu mno, karibu saa nne kwenye benchi lisilo na egemeo, na kwa mgonjwa hilo si jambo dogo.

Ila maelezo! Daktari alichora kitone. "Mama, uvimbe nao unataka chakula." Ukifika milimita 1 au 2 hauwezi kuendelea kukua bila mishipa yake ya damu, daktari wa upasuaji Judah Folkman wa Marekani aliliandika wazo hilo mwaka 1971. Daktari wetu akachora mfereji, na mama, mtu wa mlimani, akaelewa papo hapo: uvimbe unajichepushia maji. Protini iitwayo VEGF ndiyo huita mishipa mipya ichipue. Seli za kinga nazo hukusanyika kama kwenye kidonda, zikamwaga protini za inflamesheni (ule uvimbe na joto la mwili unapojikinga), kama intaleukini-6 na TNF, zinazochochea VEGF zaidi. Kidonda kikifunga, kazi husimama. Kwenye uvimbe haisimami.

Dawa iitwayo bevasizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, huikamata hiyo VEGF, na hutolewa pamoja na kemotherapi, yaani dawa za kuua seli za saratani. Alituonya wazi: presha inaweza kupanda, vidonda kuchelewa kupona.

Mama akauliza kama manjano ya shambani yangetosha. Hakumcheka. "Kwenye mboga weka, mama, ila yasichukue nafasi ya dawa."

Wangetupa maelezo hayo yameandikwa, ningefurahi zaidi. Mama aliuomba ule mchoro, akaufunga kwenye pindo la kitenge.