Kinyozi ya karibu na kambi, Lakewood: fedi safi, foleni refu, na mjadala wa trans jeshini

Nyota 4 kati ya 5

Hii ni review ya ile kinyozi ya Mkenya mwenzetu pale Lakewood, jimbo la Washington huku Marekani, karibu na geti la kambi ya jeshi ya Lewis-McChord. Jina siweki maana kuna mabaya pia nitasema na mwenye duka namheshimu, ila kama unakaa Tacoma na unaongea Kiswahili, ushaijua.

Tuanze na kichwa. Fedi ni dola 30, ndevu unaongeza kidogo, na jamaa anajua kazi. Wateja wake wengi ni wanajeshi weusi, na weusi wengi tunajuana na vile vipele vya ndevu, ukipitisha wembe leo kesho shingo imevimba. Yeye wembe hagusi kabisa. Anakuwekea taulo ya moto, anangoja, halafu anashuka na mashine polepole akifuata vile nywele zimelala, mwisho anapaka spiriti kidogo tu, si ile ya kukutoa machozi. Niliwahi kwenda kwingine hapa mjini nikatoka shingo kama imeumwa na siafu, kwa hivyo hapa sibanduki.

Shida ni foleni. Hakuna kubuku, unakuja unakaa, na Jumapili jioni usijaribu kwa sababu kila mtu anataka kuwa safi Jumatatu asubuhi. TV iko juu kila saa. Na mkikaa hivyo mnafanya nini? Mnabishana. Mwaka wote wa 2025 ubishi ulikuwa mmoja, trans, yaani watu wanaoishi kwa jinsia tofauti na ile waliyozaliwa nayo, wakae jeshini ama watoke, tangu Trump asaini ile amri ya kuwazuia tarehe 27 Januari.

Kuna sajenti mmoja, msee wa kwetu aliyeingia jeshi kupitia ile programu ya MAVNI enzi zile walikuwa wanachukua wageni wenye lugha kama Kiswahili, yeye ndiye upande wa "watoke". Na hana matusi, anajenga hoja. Anasema jeshi hata mtu wa pumu linamkataa, wa kisukari linamkataa, hakuna anayelia ubaguzi, sasa mtu wa homoni kila wiki na upasuaji wa kumweka nje miezi, nani atashika zamu yake? Hapo wengi wanaitikia.

Halafu kuna mama mmoja nesi, huleta kijana wake kunyolewa, huyo ndiye wa kumjibu. Alimwambia, wewe sajenti, Pentagon, wizara ya ulinzi wenyewe, wamesema wanajeshi ambao daktari amewaandikia gender dysphoria, ile diagnosisi ya trans, ni 4,240, jeshi lenyewe na riziva ni watu zaidi ya milioni mbili. Pesa waliyotumia kuwatibu tangu 2015 mpaka 2024 ni dola milioni 52, hiyo haifiki bei ya ndege moja ya kivita ya F-35. Akamtajia Emily Shilling, rubani trans wa Navy, jeshi la majini, aliyeruka misheni za vita zaidi ya 60, amwambie huyo alishindwa kushika zamu gani. Kesi ya Shilling ya kupinga amri ilisikilizwa hapa hapa Tacoma, na jaji Settle aliyezuia amri tarehe 27 Machi aliteuliwa na Bush na aliwahi kuwa mwanajeshi, si mtu wa kuambiwa hajui kambi. Baadaye Mahakama ya Juu ikaruhusu amri ianze tarehe 6 Mei wakati kesi inaendelea, majaji watatu wakakataa, na trans walio jeshini muda wote, si riziva, wakapewa mpaka 6 Juni wajitokeze wenyewe, ukijitoa unalipwa mara mbili ya yule atakayetolewa kwa nguvu.

Mimi naona sajenti angekuwa na nguvu kama ile amri ingeishia kwa afya. Lakini haikuishia hapo, ilisema kuwa trans kunagongana na maisha ya ukweli na nidhamu ya mwanajeshi, yaani inamuita mtu muongo kabla hajafungua mdomo. Hiyo si daktari anaongea.

Agosti ndio duka liligeuka. Hegseth, waziri wa ulinzi, akatoa waraka wa ndevu, kwamba mwanajeshi akitibiwa zaidi ya mwaka na bado anahitaji ruhusa ya kutonyoa, taratibu za kumtoa zianze. Weeh. Benchi nzima ilikuwa na watu wa profaili ya ndevu, ile karatasi ya daktari ya kuruhusiwa kutonyoa, sajenti wetu akiwa wa kwanza! Fundi akasimamisha mashine akamuuliza, "Sasa mkubwa, karatasi yako na ya yule trans zinatofautiana wapi, zote si za daktari?" Sajenti akasema yeye vipele amezaliwa navyo, hakuchagua. Yule mama akacheka mpaka akaweka simu chini, akamwambia hiyo ndiyo sentensi trans wanasema kila siku. Sajenti hajabadilisha msimamo mpaka leo, ila siku hizi anasema angalau yeye amepewa mwaka mzima wa kutafuta dawa, wale hawakupewa hata huo.

Nyota moja nimepunguza kwa sababu mbili. Fundi akinogewa na stori anaacha kichwa chako nusu, umekaa na kitambaa shingoni kama kuku anangoja maji moto. Ya pili ni kubwa zaidi. Kuna wakati mizaha ya trans ilipita kiasi, watu wanaigiza sauti na kutembea, na yeye akanyamaza tu. Kijana mmoja kwa foleni aliinuka akatoka bila kunyolewa. Labda alikuwa na haraka zake, labda la, lakini duka liko mlangoni mwa kambi, hujui nani amekaa kwa benchi yako na wiki hiyo amepokea barua gani. Nilimwambia kando, akasema atawekea watu mpaka, na kusema kweli kuna mabadiliko, sasa hoja anaruhusu, kuigiza mtu anakata.

Kwa anayetaka kwenda, nenda Jumanne asubuhi, hakuna watu. Beba keshi, mashine ya kadi inagoma. Na kama una vipele mwambie kabla hajaanza.