Pampu ya kunyonya oili kwenye boti: shika mrija kwanza, dumu baadaye

Mwezi ulikuwa umepevuka na boti za dagaa hapa Mikindani zimetia nanga, yetu ikiwemo, maana kwenye mbalamwezi dagaa hafuati taa. Hizo ndizo siku zetu za sevisi. Nilikuwa nimenunua pampu mpya mjini Mtwara kwa shilingi 85,000, nikamkabidhi mpwa wangu, ambaye ndiye nahodha. Haikupita nusu saa akaniita: "Mama mdogo, hebu njoo uone." Oili ilikuwa imetanda ngama nzima, pale chini kabisa ya boti maji yanapotuama, nyeusi, inaelea juu ya maji ya chumvi, na mrija wa pampu umelala kando umejikunja kama tambi iliyoiva.

Tulisafisha siku mbili. Kilichotuokoa ni mto wa zamani wa sufi, kwa sababu sufi inakunywa oili na kuyaacha maji. Watu wengi hukimbilia pampasi za watoto, nazo ni kinyume chake: zinanyonya maji yote ya ngama na oili inabaki palepale. Na kuyamwaga maji yale baharini sikukubali. Ng'ambo ya maji kina mama wana mashamba ya mwani, na mikoko ya hapa mizizi yake iko wazi maji yakipwa.

Kwa asiyejua boti atauliza kwa nini hatufungui bolti ya chini kama kwenye gari. Injini ya ndani imekalia mataruma, sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, inakaribia kugusa mkuku, uti wa chini wa boti, huwezi kupenyeza hata sahani ya chai. Ukifungua bolti, oili yote inaishia ngamani. Kwa hiyo inanyonywa kwa juu, kupitia tundu la kijiti cha kupimia. Mrija mwembamba unaingia humo mpaka chini ya sampu, pampu inavuta, oili inaingia kwenye dumu.

Sasa wauzaji wote watakusifia dumu. Lita ngapi, rangi gani, mpini mzuri namna gani. Mimi sitaongelea hayo, unayaona mwenyewe kwa macho. Nataka tuongelee mrija, kwa sababu hakuna anayeushika kabla ya kulipa.

Oili ya SAE 40 ikiwa baridi ni nzito kama asali, haivutiki kwenye mrija mwembamba. Lazima uwashe injini dakika kumi hivi ipate moto, uizime, ndipo unyonye. Mrija laini wa plastiki angavu, ule unaokuja na pampu nyingi za bei ya chini, ukikutana na oili ya moto unalainika. Pampu inavuta kwa nguvu, kuta za mrija zinanywea na kugusana, oili inasimama. Unadhani imekwisha, kumbe nusu ingali ndani ya sampu. Au inakuwa kama kwetu: mrija ulizoea kukunjwa ndani ya boksi, ulipopata joto ukarudia mkunjo wake, ncha ikapanda juu ya oili ikawa inavuta hewa. Kijana akauchomoa kuutazama, na upande wa pili ukachomoka kwenye dumu.

Kwa hiyo nenda dukani na chupa ya chai yenye maji ya moto. Sifanyi mzaha. Mimina kwenye kikombe, tumbukiza ncha ya mrija, hesabu mpaka 60, kisha ubane kwa vidole viwili. Ukinywea na kubaki umenywea, rudisha pampu yao. Ukiwa mgumu na unarudi kwenye umbo lake, endelea kuongea bei. Chukua pia kijiti cha kupimia oili cha injini yako pamoja na biti ya drili inayoingia kwenye tundu lake bila kulazimisha. Mrija mnene kuliko hiyo biti hautaingia hata uimbe.

Ninayoipenda, na nasema wazi, ni Pela 6000. Ni dumu la plastiki la mviringo, lita 6, pampu ya mkono iko juu yake. Unavuta mpini mara kadhaa, hewa inatoka ndani ya dumu, halafu unaacha. Oili inakuja yenyewe huku wewe umeshika tambara. Haitaki betri. Mrija wake ni mgumu wa kutosha, na ndiyo sababu hasa ya kuiweka mbele. Yangu ililetwa na ndugu kutoka Uingereza, na mpaka inafika Mtwara nilikuwa nimetoa shilingi 290,000. Ni pesa nyingi, najua. Injini yetu inachukua lita 5 kasoro na mara ya mwisho hatukudondosha hata tone kwenye sakafu.

Ya pili ni pampu ya shaba ya mkono inayofungwa moja kwa moja kwenye injini. Kama injini yako ya Yanmar imekuja nayo, shukuru na usinunue kitu kingine. Haina mrija wa kuingiza popote, basi ugomvi wangu haupo. Badilisha sili zake tu zikianza kuvuja.

Ya tatu, pampu ya umeme ya volti 12. Jabsco wana ya kwenye ndoo yenye mfuniko, na kwa boti kubwa yenye injini mbili ningeifikiria. Kwa boti ya dagaa, betri yetu ina kazi nyingine. Topsider ya Marekani ni kopo la chuma lenye pampu ya mkono, inafanya kazi kama Pela, ila chuma baharini kinataka kufutwa kila siku, na vijana hawafuti.

Bomba la sindano kubwa na pampu za shilingi 20,000: za kutolea oili ya jenereta, basi.

Na jenereta ndiyo inayofanya ununuzi huu uwe wa maana. Ya petroli yenye injini ya Honda GX160 inakula lita 0.6 tu, GX390 lita 1.1, kwa hiyo watu wanaidharau. Lakini Honda wanasema oili ya kwanza ibadilishwe baada ya saa 20, halafu kila saa 100. Taa zetu za dagaa, zinazowashwa na jenereta, zinawaka saa 10 kwa usiku. Usiku 10 tu, saa 100 zimetimia, na giza moja, yaani siku za mwezi zisizo na mbalamwezi, lina zaidi ya usiku huo. Bolti yake ipo miguuni, ukiifungua oili inateremkia fremu na sakafu. Nyonya kwa tundu la kujazia, ni pana, mrija wowote unaingia. Usinyonye petroli kwa pampu hizi hata siku moja.

Kinachoniuma ni bei na midomo. Pampu ileile ikiulizwa na mwenye gari ina bei moja, ukitamka neno "boti" inapanda. Boksi hawapendi kukufungulia kabla ya kulipa mpaka ung'ang'anie, na juu ya kaunta kuna karatasi: mali ikiuzwa hairudishwi. Nilirudi na mrija wangu mkononi, yule bwana akaniambia kosa ni langu, oili haitakiwi kuwa ya moto. Anauza pampu ya oili na hajawahi kunyonya oili! Sisi tunapoteza usiku wa kazi, yeye hapotezi kitu.

Ukishanunua, kata ncha ya mrija mshazari isigande kwenye sakafu ya sampu. Uloweke maji ya moto, unyooshe, ufunge kwenye ubao mpaka upoe. Pima urefu wa kijiti, ongeza kidogo, weka alama ya utepe. Utepe ukifika mdomoni mwa tundu ujue uko chini. Na weka mrija wa akiba. Wangu niliuagiza Dar, ukaja juzi na basi umekunjwa mara nne na kufungwa rababendi, mikunjo yote minne imeshapauka rangi. Nimemwambia aliyeutuma alete mwingine, na safari hii auzungushe kwenye gurudumu la baiskeli.