Kutolewa titi na kujengewa jingine papo hapo: uzoefu wangu, kutoka Tanga

Upasuaji wenyewe naupa nyota nne kati ya tano. Maelekezo ya kurudi nayo nyumbani naya­pa mbili, tena kwa huruma. Karatasi ya kuruhusiwa ilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu dreni (mrija wa kutoa majimaji kwenye kidonda, wenye kibuyu cha plastiki mwishoni): "mwaga ikijaa". Ukisubiri ijae umeshachelewa.

Nilichofanyiwa Dar ni hiki: titi limetolewa ngozi ikaachwa, kisha msuli mpana wa mgongoni ukapitishwa chini ya kwapa na kuletwa mbele, chini yake ukawekwa mfuko mdogo wa silikoni. Nusu kaputi moja, kazi mbili. Uzuri wa msuli huu ni kwamba unageuzwa ukiwa bado umeshikana na mishipa yake ya damu, kwa hiyo hakuna kuunganisha mishipa kwa darubini kama wanavyofanya kwa nyama ya tumbo. Ubaya wake uko mgongoni. Pale ulipobanduliwa panabaki uwazi, na uwazi hujaa majimaji. Dreni yangu ya mbele ilitoka siku ya 8, ya mgongo siku ya 19.

Kile kibuyu cha plastiki kinavuta kwa sababu kimebonyezwa. Kikifika nusu, nguvu imeshapungua na majimaji yanabaki ndani ya mwili. Basi kimwage asubuhi na jioni, na kabla ya hapo kikifika nusu. Nawa kwa sabuni, fungua kizibo bila kugusa mdomo wake, mimina kwenye kikombe chenye alama za mililita (alama za kwenye kibuyu hudanganya). Kibonyeze mpaka pande mbili zigusane, na ukizibe kikiwa bado kimebonyezwa. Hapa ndipo wanaotuuguza hukosea: wanakiachia kwanza, ndipo wanaziba. Kinabaki kimejaa upepo, hakivuti kitu.

Andika kila dreni peke yake. Daktari wangu alikuwa anatoa ikishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo. Rangi huanza nyekundu, ikaja waridi, ikaishia kama chai ya mchaichai. Ikirudi nyekundu ghafla na kibuyu kinajaa upesi, usisubiri kukuche. Na jana ikiwa ilitoa 60, leo kavu kabisa, usifurahi: mara nyingi ni donge la damu limeziba mrija, utaona panavimba au panavuja kando ya tundu. Wodini mwombe muuguzi akuonyeshe namna ya kuuminya: vidole viwili vinaushika karibu na ngozi usivutike, mkono wa pili unaminya kushuka kuelekea kwenye kibuyu.

Plasta haishiki kwenye jasho la hapa kwetu, kaskazi ndiyo kabisa, kwa hiyo weka gozi za akiba. Fundi wa Ngamiani alinishonea mkanda wa kanga wenye mifuko miwili, wa kufunga kiunoni. Unashinda pini, maana ukibana kibuyu kwenye nguo halafu ukachuchumaa chooni, nguo inapanda na mrija unavuta mshono. Dera liache, kulivaa lazima unyanyue mikono. Chukua blauzi ya vifungo mbele. Na kama una pa kufikia Dar, kaa huko mpaka dreni zitoke. Ni kilomita 350 hivi hadi Tanga, na mkanda wa kiti cha basi unapita palepale.

Kukanda sasa. Shangazi akiona uvimbe tu, sufuria ya maji iko jikoni. Kataa, kwa adabu lakini kataa. Ngozi ya titi jipya haina hisia, au inazo kidogo sana. Kitambaa ambacho mkono wa mkandaji unakivumilia kinaweza kuibabua na wewe husikii chochote, utakuja kuona lengelenge kesho yake. Chupa ya maji moto ni hivyo hivyo. Mbuzi ya nazi nayo iachie wengine wiki sita.

Nyota iliyopungua ni ya swali ambalo hakuna aliyehakikisha nimelielewa kabla ya kusaini: je, mionzi ya kutibu saratani itahitajika baadaye? Mionzi juu ya silikoni huongeza uwezekano wa kovu kukaza kuuzunguka mfuko, titi likawa gumu na kupanda juu. Wapo madaktari ambao kwa sababu hiyo hushauri ujenzi usubiri. Pia kidonda kisipofunga, kemo (dawa za saratani) huahirishwa, na hilo ni kubwa kuliko sura ya titi. Mwenye kisukari au anayevuta sigara alizungumze hili mapema, kwake vidonda hukawia zaidi.

Kadi ya mfuko wa silikoni, yenye ukubwa na namba yake, nilipewa baada ya kuidai mara mbili. Idai kabla hujatoka wodini.