Uzoefu wangu na yadi moja ya magari Dodoma: kishika uchumba, kadi isiyoonekana, na dharau

Naandika hasira zikiwa bado ziko juu, na sitaki zipoe kwanza. Zikipoa nitaanza kusema "vijana wanatafuta riziki", na kesho mwingine ataenda kuacha hela yake palepale.

Yadi yenyewe iko upande wa barabara ya Dar, jina silitaji. Nilikuwa natafuta kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo. Mimi nalima zabibu upande wa Hombolo, na anayelima zabibu anajua kwamba ukishakata, jua la Dodoma halikupi nafasi. Kreti zikichelewa kutoka shambani mpaka mchana, zabibu zinalainika na mnunuzi anakushusha bei huku anakutazama usoni. Miaka yote nakodi kirikuu za watu, na dereva wa kukodi anakuja saa anayoitaka yeye. Safari hii nikasema nikishauza nanunua ya kwangu, iliyotumika hapahapa nchini, chini ya milioni kumi, nalipa taslimu. Niliiona Instagram, nyeupe, namba E, "haidaiwi, unanunua na kuondoka".

Hapo kwenye namba niseme kidogo, kwa sababu watu wengi wanaongezewa bei kwa ajili yake. Namba E haimaanishi gari ni jipya. Inamaanisha imesajiliwa juzijuzi hapa Tanzania, basi. Kirikuu inaweza kuwa imebeba mizigo Japani miaka na miaka, ikashushwa bandarini juzi ikapewa namba E, na nyingine ya namba C ikawa imetengenezwa mwaka uleule. Uliza mwaka wa kutengenezwa, umeandikwa kwenye kadi ya gari, ile hati ya usajili yenye jina la mwenye gari. Na kama kuna kadi, ataitoa.

Nilipofika, kijana wa mauzo hakuniamkia. Mjukuu wangu mkubwa yuko sekondari, mvi zinaonekana hata nikijifunga kitambaa, na kijana yule umri wake ni wa mtoto wangu wa mwisho. Aliniangalia miguuni, nadhani kwa sababu ya vumbi, kisha akauliza, "Mama, wewe uko wizara gani?" Nikamwambia mimi ni mkulima. Akasema, "Ah, sasa salari slipu utatoa wapi?" Nikamjibu kwamba sijaomba mkopo, nimeuliza bei.

Nimekuja kuelewa baadaye. Tangu serikali ilipohamia hapa, yadi nyingi za mji huu zimejipanga kwa ajili ya watumishi wa Mtumba, kwenye mji wa serikali. Unalipa nusu, unachukua gari, nusu iliyobaki unakatwa kila mwezi, kadi inabaki kwao na gari linafungwa jipiesi ili ukichelewa walizime huko huko uliko. Mwenye mshahara wa kila mwezi anaweza, ingawa bei ya jumla inapanda sana na ni vizuri akae chini ajumlishe malipo yote kabla ya kusaini, asiangalie tu kile kidogo cha mwezi. Mkulima wa zabibu hawezi. Hela yetu inakuja kwa msimu, ikija imekuja, na katikati ni dawa na vibarua tu. Ukifunga mkataba wa kila mwezi na shamba linalolipa kwa msimu, gari litazimwa siku ya mavuno. Mimi nilitaka kulipa mara moja nimalizane nao, na nilidhani mtu anayeleta taslimu angeheshimiwa zaidi.

Tukaelewana bei. Hapo akaanza haraka. Simu inalia, anaipokea mbele yangu, "ndiyo bosi, ipo, lakini kuna mama anaitaka". Akaniambia watu watatu wanaigombania, nitoe kishika uchumba, yaani hela ya kulishikia gari, laki tano, la sivyo jioni siikuti. Nikamwambia nitatoa, lakini sitatuma kwenye namba yake ya simu, nalipia kwenye lipa namba yenye jina la yadi. Na kwenye risiti niliandika kwa mkono wangu kwamba laki tano itarudi yote kama kadi orijino haitaonekana au fundi wangu akiikataa gari. Akasaini, akagonga muhuri. Hiyo karatasi ninayo mpaka leo.

Siku tuliyopatana nikaenda na fundi wangu. Ni kijana wa Chang'ombe, namfahamu tangu anashikia baba yake spana. Usikubali fundi wa yadi, hata akiwa na gwanda safi namna gani, kwa sababu anayemlipa si wewe. Fundi wangu hakuuliza kitu. Alinyanyua siti, maana injini ya kirikuu iko chini ya siti, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha injini, akakitoa haraka. Akaniangalia. "Mama, hii wameshaiwasha asubuhi, imechemka." Sasa injini ya moto inaficha mambo. Moshi wa asubuhi, mlio wa kugonga, kuwaka kwa shida, yote hayo unayaona gari likiwa limelala usiku kucha. Akamwomba kijana kwa upole tuiache ipoe, au turudi kesho alfajiri, na kwa wakati ule aingie chini aangalie springi na chasisi.

Kijana ndipo akasema maneno yake. Hakumwambia fundi, aliniambia mimi, na wateja wengine wapo: "Mama, gari siyo nyanya za sokoni Majengo, kwamba utabonyezabonyeza halafu uache. Kama hela huna sema. Au nenda ukamwite mzee wako aje tuongee wanaume."

Mzee wangu nimemzika. Na hata angekuwa hai, hela ile ni ya zabibu nilizopalilia mimi, nikapogoa mimi, nikalala nazo shambani mimi. Nilimtolea uvivu. Nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba hata nyanya mwenye akili anazibonyeza, na mimi nanunua chombo cha mamilioni, nitakibonyeza mpaka niridhike. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nikiikumbuka sentensi ile ya "wanaume" hadi sasa kifua kinabana.

Fundi akaingia chini hivyohivyo, juu ya changarawe, bila jeki. Alikaa muda. Kirikuu hizi Wajapani wamezitengenezea kilo 350, na sisi hapa tunapakia tofali na mchanga mpaka tairi zinataka kugusa bodi. Kwa hiyo rangi haikuambii kitu, chini ndiko kunakosema. Akanionyesha kwa tochi ya simu: springi za nyuma upande mmoja mpya kabisa, upande mwingine za zamani zimenyooka, na kwenye chasisi pana mstari wa kuchomelea uliopakwa rangi nyeusi juu yake. Aliukwangua kwa ukucha, rangi ikatoka, bado laini.

Nikauliza kadi. Kadi iko Dar. Si siku ya kwanza ulisema iko ofisini? Iko kwa bosi, bosi yuko Dar. Nionyeshe basi picha. Akanionyesha picha kwenye simu yake, imekatwa juu, jina la mtu ambaye pale yadi hakuna aliyeweza kuniambia ni nani wala anapatikana wapi. Mpwa wangu niliyekuwa naye akaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni ya trafiki. Ukatoka mlolongo wa faini zisizolipwa, kila moja elfu 30. Lile tangazo la "haidaiwi" bado lilikuwa Instagram wakati tunasoma. Hicho kitu kifanyeni, ni bure na ni dakika moja tu. Madeni yale yanakaa kwenye namba ya gari, ukinunua umeyanunua.

Nikaomba laki tano yangu. "Kishika uchumba hakirudi mama, ndiyo kanuni ya yadi." Nikatoa risiti. Akasoma, akasema hayo umeandika wewe. Na sahihi? Na muhuri? Akanyamaza, akaondoka kwenda kwa mteja mwingine. Akaniacha nimesimama juani!

Wakaanza kunizungusha. Njoo kesho, njoo Jumatatu, mhasibu hayupo. Mpaka jioni moja nikamkuta bosi mwenyewe, mtu mzima, ambaye huwa anapita pale magari yakiwa yanafungwa. Huyu alinipa kiti. Aliuliza habari za shamba. Aliisoma risiti mara moja tu, akasema hela yako ni haki yako, na siku ileile akanirudishia sehemu, iliyobaki ikaingia siku chache baadaye, sikukatwa hata senti. Na akaniambia ukweli bila kumlazimisha: kadi haikuwa Dar. Ilikuwa kwa mkopeshaji. Mwenye gari alikopa akaiweka rehani, akashindwa, akaileta gari yadi iuzwe. Mpango ulikuwa hela yangu ndiyo ikaikomboe kadi.

Namshukuru kwa kurudisha. Nasema kwa moyo wote, wapo wengi wasingerudisha. Lakini niliposikia hayo nilihisi baridi. Fikirini, mimi ningelipa milioni zangu, mtu katikati akazipitishia kwingine, na mkopeshaji akaja kuichukua gari shambani na kreti zangu juu. Ile haraka yote ya "watu watatu wanaigombania" ilikuwa ya kutafuta hela ya kwenda kukomboa kadi. Na mtu akikuonyesha kadi, usiishie kuishika. Kadi inaweza kutolewa nyingine kwa taarifa ya polisi kwamba ya kwanza imepotea, huku ya kwanza iko kwenye kabati la mkopeshaji. Nendeni TRA, mamlaka ya mapato, na huyo muuzaji, jina, namba ya gari na namba ya chasisi zilinganishwe na zilizomo kwenye mfumo, na namba ya chasisi mwisome kwenye chuma chenyewe.

Nikamwambia bosi kuhusu kijana. Akacheka kidogo, akasema, "Vijana wa siku hizi, tuwasamehe tu." Hakumwita. Kijana alikuwa palepale anafuta vumbi vioo vya Noah, anasikia, hakugeuka.

Kirikuu nimepata kwa mwalimu mmoja Nkuhungu, aliyekuwa anaitumia kuuzia maji. Ni ya namba D, rangi imechubuka, na fundi aliiwasha alfajiri yeye mwenyewe ikiwa ya baridi. Mwalimu aliitoa kadi kabla sijaketi. Mkataba tulifanya mbele ya wakili, na picha zetu na nakala za vitambulisho vyetu. Hela ilitoka benki kwangu ikaingia benki kwake, kwa jina lilelile lililoko kwenye kadi, si kwa jina la shemeji wala la dalali. Dalali alikuwepo, alilipwa chake waziwazi, kwa hiyo hakukuwa na cha juu kilichofichwa ndani ya bei. Kutoka hapo moja kwa moja TRA kuhamisha umiliki, tukiwa wote wawili, na ushuru wa stempu wa asilimia moja niliulipa mimi kama tulivyokubaliana. Usikae na gari lenye jina la mtu mwingine kwa sababu umeona gharama. Akifa, akikopa, akigombana na mkewe, gari lako linaingia kwenye ugomvi wao.

Kuna waliosema ningeagiza Japani. Inawezekana, na TRA wana kikokotoo cha kodi mtandaoni unaona kabisa utalipa kiasi gani. Lakini kuna kusubiri meli, kuna kutoa bandarini, kuna kuiendesha kilomita zaidi ya 450 mpaka huku, na zabibu zilikuwa zinakaribia kuiva.

Sasa wananiuliza, yadi ile twende au tusiende? Magari yao mengine yalionekana mazuri, fundi wangu mwenyewe alisifia Passo moja iliyokuwa pembeni. Bosi ni muungwana wa hela. Nilitaka kuandika kwamba mkienda mwulizeni bosi, mwonyesheni risiti, mtasikilizwa. Ila bosi anapita jioni. Anayekaa pale kutwa nzima, anayepokea watu, anayepokea vishika uchumba, ni yule kijana, na hakuna aliyemwambia amekosea. Basi msiende.