Miezi Mitano na Programu ya Ishara za Kununua Hisa: RSI na MACD katika Soko la Nairobi

Kwa miezi mitano nimelipa shilingi 900 kila mwezi kwa programu ya simu inayochora chati za hisa za Soko la Hisa la Nairobi na kutuma arifa yenye neno moja tu, NUNUA, kila viashiria vyake vya kasi ya bei vinapokubaliana. Jina lake nalihifadhi, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza zinaweza kupatikana katika programu yoyote ya aina hii.

Viashiria vyenyewe ni viwili na havina siri. RSI (Relative Strength Index, yaani kipimo cha nguvu ya bei), ambayo J. Welles Wilder aliitoa mwaka 1978, hulinganisha wastani wa kupanda na wastani wa kushuka kwa bei katika siku 14, ikatoa namba kati ya 0 na 100. Wastani wa kupanda ukiwa senti 10 na wa kushuka senti 30, RSI huwa 25, na kwa kuwa iko chini ya 30 hisa huhesabiwa kuwa imeuzwa kupita kiasi, yaani bei yake hutarajiwa kupanda tena. MACD (Moving Average Convergence Divergence) ya Gerald Appel ni tofauti kati ya wastani wa bei wa siku 12 na ule wa siku 26, na ishara huja tofauti hiyo inapopanda juu ya wastani wake yenyewe wa siku 9. Wiki ya kwanza nilizikokotoa hesabu hizi mwenyewe nikapata namba zilezile. Kwa upande huo programu haina lawama, na chati zake hufunguka upesi hata mtandao ukiwa hafifu.

Tatizo ni arifa. Siku moja saa tano asubuhi niliambiwa ninunue hisa ya benki fulani. Nilipoifungua chati jioni, baada ya soko kufungwa saa tisa alasiri, ishara ile ilikuwa imefutika bila kuacha alama, kwa sababu programu ilipiga hesabu kwa bei ya wakati ule badala ya kungoja bei ya kufunga. Aliyenunua saa tano alifuata ishara ambayo kumbukumbu za programu hazina habari nayo, na nadhani ndiyo maana ukurasa wake wa mafanikio unapendeza mno.

Baya zaidi ni gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa. Hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, bei yake kwa kawaida hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe, na hakuna aliyepoteza imani na kampuni. Programu haizirekebishi bei za nyuma, kwa hiyo huuona mshuko huo kama wimbi la wauzaji, RSI ikazama, na siku chache baadaye, bei ikitulia kidogo tu, arifa ikaja.

Halafu kuna hisa ambazo hazinunuliwi wala kuuzwa kwa siku kadhaa. Siku hizo RSI hubaki palepale, maana wastani wa kupanda na wa kushuka hupungua kwa uwiano uleule. Kisha mtu mmoja anauza hisa mia mbili na mstari unaruka kama umechomwa sindano. Kuiita hiyo kasi ya soko ni mzaha.

Hata kwa Safaricom, ambayo haikosi wanunuzi, namba iliyo chini ya 30 si mwaliko. Bei yake ilizidi shilingi 40 mwaka 2021, na kuelekea mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Katika mteremko huo wote RSI iliashiria zaidi ya mara moja kwamba hisa imeuzwa kupita kiasi, na bei ikaendelea kushuka. Isitoshe, wakala wangu hunikata karibu asilimia 2 ninaponunua na kiasi kama hicho ninapouza, kwa hiyo ishara inayoleta faida ya asilimia 3 imenitia hasara.

Nimesitisha malipo na kubaki na toleo la bure, lenye chati zilezile bila arifa. Ninafuatilia hisa sita zinazouzwa kwa wingi kila siku, nazitazama baada ya saa tisa, nami hungoja RSI irudi juu ya 30 badala ya kununua inapozama. Toleo la kulipia nitalifikiria tena watakapoanza kurekebisha bei kwa gawio.