Kisanduku cha kupimia mawe: hela yote iko kwenye kigae

Nanunua mawe kwa wachimbaji wadogo hapa Ruangwa, kwa hiyo kisanduku hiki nimekipima kwa jicho la biashara. Kinauzwa Lindi mjini, sh. 45,000. Ndani mna sumaku, msumari wa chuma, kipande cha kioo, lenzi, kichupa cha asidi hafifu, kigae cheupe kisichong'aa na karatasi yenye picha za madini.

Karatasi hiyo ifungieni vitumbua. Inawafundisha watu kutambua jiwe kwa rangi, na rangi ndiyo laghai mkubwa. Kwatzi peke yake inaweza kuwa nyeupe, zambarau au ya waridi. Huku ganeti ya kijani, jiwe la vito, imewatia watu wazimu, mpaka vipande vya chupa vinaletwa vimefungwa kwenye kitambaa! Chupa si madini: imetengenezwa na mtu, na ndani yake chembe hazina mpangilio. Ganeti hukwaruza kile kioo cha kisandukuni bila shida.

Kigae sasa. Unasugua jiwe, unatazama alama ya unga wake. Pairaiti, madini ambayo wengi huyadhania dhahabu, pamoja na mng'ao wake wote wa njano, huacha mstari mweusi wenye ukijani. Dhahabu huacha mstari wa njano. Kijana mmoja alibisha, akachukua nyundo. Jiwe lake likasagika. Dhahabu ingebonyea tu. Ila ugumu wa kigae ni kama 7 kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, kwa hiyo rubi, yenye 9, itakichubua isiache unga wowote.

Msumari wa kukwaruzia ni wa kawaida, unatosha. Jasi ya Kilwa wala haiuhitaji, ukucha unaikwaruza. Asidi inafanya kazi, jiwe la chokaa linatoa povu papo hapo, lakini kizibo kinavuja na kimeshaunguza kitambaa cha ndani. Lenzi imeandikwa mara 30. Hata mara 10 haifiki.

Mizani hawakuweka, na kwa mtu wa vito hilo ni pengo kubwa. Jiwe hupimwa likiwa kavu, kisha likining'inia majini kwa uzi. Uzito mkavu unaugawa kwa tofauti ya uzito huo na ule wa majini, unajua jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji ya ujazo uleule. Kwatzi hutoa 2.65, rubi karibu 4.

Wachimbaji wa dhahabu kitawafaa. Asiye na 45,000 aokote kipande cha tailizi kwa fundi, asugulie upande wa nyuma usiong'aa. Mstari ni uleule.