Boya lilivuja, mwalimu yuko kwenye simu

Nianze na boya, maana ndilo lililonipandisha damu. Tulikuwa hori ya Kilifi kwenye somo la kayaki, kale kamtumbwi kembamba ka kupiga kafi, juzijuzi hivi, kusi limeanza kukaza. Boya lenyewe ni lile la kuvalishwa kwenye ncha ya kafi, likusaidie kurudi chomboni ukishapinduka: unalijaza upepo uko majini, unalaza kafi nyuma ya tundu la kukalia, unapiga miguu mpaka mwili uelee, unajivuta kifudifudi juu ya kayaki, unaingiza miguu, kisha unageuka huku umeegemea upande wa boya. Nikafanya yote. Bado nimelalia tumbo nasikia fsss, kizibo kinavuja, na upande niliouegemea ukazama nami. Chumvi mpaka utosini.

Namtafuta mwalimu, yuko mashuani na simu sikioni. Alipomaliza mazungumzo yake akaniambia, "Mzee, huu mchezo una vijana wake."

Mzee! Mtoto wa mvuvi mimi, nimekulia kwenye ngalawa. (Haya, ngalawa ina matengo pande mbili, kwa hiyo kupinduka sikufunzwa. Lakini yeye hilo hakulijua.)

Aliyenitoa ni kijana wao wa kubeba vifaa. Alikuja na kayaki yake, akavuta omo ya yangu, ile ncha ya mbele, juu ya yake ikiwa bado imepinduka, maji yakamwagika yote, akaigeuza, akaishikilia ubavuni nikapanda. Haikufika hata dakika tatu. Halafu akaniambia neno ambalo mwalimu hakulitaja asubuhi nzima: "Baba, usinyanyue kichwa. Nyonga kwanza, kichwa mwisho."

Ndiyo siri yote ya kuibuka bila kutoka chomboni. Ukiwa chini unataka pumzi, kichwa kinatangulia, na uzito wake unakurudisha ulikotoka. Nikajipindua tena, nikalaza shavu begani, kafi likafagia juu ya maji, nikapiga nyonga. Mara ya kwanza wapi. Ya pili wapi. Ya nne nikaona mbingu, nikapiga ukelele hata ndege wa mikokoni wakaruka.

Kwa hiyo, msiende. Pesa ya somo lile ingeninunulia changu wa wiki nzima. Au nendeni, ila boya mlijaze nchi kavu mlikamue kwanza, na mumwulizie yule kijana. Nyota mbili. Basi, tatu, na ya tatu si ya mwalimu.

Huyo mwalimu, nilipoibuka, alikuwa amenielekezea simu. "Mzee, rudia, sikunasa vizuri."

Nikarudia. Mara tatu.